Mtani Aliyelala Ndani ya Boti

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia kijana anatafuta boti, na tangu uliponiambia kuwa wewe na wenzako mnataka boti ya bei nafuu ya kuwavuta watu majini wakiwa juu ya ubao, siku hiyo haijanitoka kichwani. Sikukatazi. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kijijini kwetu, hapa Handeni, kushika usukani wa boti, na baadhi ya walionicheka wako hai hadi leo, wakinisalimia wanatazama pembeni. Kaa basi unisikilize, chai itakukuta hapo hapo.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Mdogo wangu Bakari alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, shamba lenye bwawa kubwa ndani yake. Meneja wa shamba alikuwa na boti, na siku za mapumziko alipenda kuvutwa: unasimama juu ya ubao, miguu imefungwa kwenye viatu vilivyogandishwa pale, umeshika kamba, boti inakukokota nawe unateleza juu ya wimbi inaloliacha nyuma. Akamfundisha Bakari, na Bakari akampita mwalimu wake. Wageni waliokuja kutoka Tanga walikuwa wakiuliza, "Yule kijana yupo leo?" Meneja alipohamishwa aliuza boti yake, ubao akamwachia Bakari. Ukakaa umeegemea ukuta wa nyumba ya mama, kuku wakilala juu yake, na Bakari akarudi kukata mkonge kama wengine, miiba mwilini, mgongo umepinda kabla ya wakati.

Nilishindwa kumtazama. Nikaenda mwenyewe kwa uongozi wa shamba, wakakubali tulitumie bwawa na kuwatoza wageni, mradi tuje na boti yetu. Mama hakuelewa hata kidogo habari ya mtu kuburutwa majini akafurahi, lakini alimwelewa mwanawe. Akauza ng'ombe aliowaacha baba. Fedha ile ilitosha boti moja tu. Tukikosea, ng'ombe wengine hatuna, na Bakari atazeekea kwenye mkonge.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Habari zilipoenea kuwa kuna watu wanatafuta boti, ikajitembeza moja mpaka Old Korogwe, juu ya tela, nyekundu, inang'aa kama pipi iliyolambwa. Muuzaji alikuwa mtu wa miwani na maneno. Akaizamisha injini kwenye pipa la maji, akaiwasha. Ikanguruma, watoto wakashangilia, na sisi moyo ukatutoka. Unajua sisi watu wa bara, mwanangu, chombo tunakinunua kwa masikio. Ndivyo tunavyonunua pikipiki: washa, vuta mafuta, ikilia vizuri lipa. Muuzaji akasema kuna mteja mwingine anaingoja, kwa hiyo tumalizane kabla ya adhuhuri. Mkono wangu ulikwisha kuingia kwenye pindo la kanga.

Hapo ndipo alipotokea Mzee Shija. Huyu alikuwa Mnyamwezi, alikuja zamani kukata mkonge akaoa na kubaki. Na kwetu sisi Wazigua, Mnyamwezi ni mtani. Mtani wewe unamjua: anaweza kukutukana msibani, akajitupa ndani ya kaburi na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Kwenye maziko ya baba alifanya hivyo hivyo, tukacheka huku machozi yanatutoka. Basi siku ile alivua ndala zake, akapanda juu ya tela, akalala chali ndani ya boti nyekundu na kujifunika kofia usoni.

"Mzee, shuka, tuko kwenye biashara," muuzaji akasema.

"Maiti haishuki," Shija akajibu. "Nimekufa. Na hawa Wazigua hawaniziki kwenye jeneza ambalo halijaonja maji. Nikaoshwe kwanza!"

Watu wakaangua kicheko. Muuzaji akataka kumvuta mguu. Mama mmoja muuza vitumbua akamwonya, "We kaka, huyo ni mtani wao. Ukimgusa, hapa huuzi hata kiberiti."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimewaka. Nikamwambia, "Babu Shija, leo si siku ya utani, unatuharibia."

Akainua kofia, akanitazama, na usoni mwake hapakuwa na mzaha. "Wewe Mzigua, mimi boti sizijui. Lakini mbuzi tu mnamtembeza muone kama anachechemea. Hii mmeiona ikitembea wapi? Na wewe utakaa mbele umeshika usukani, umevaa miwani kama huyu. Mwenye kufungwa miguu kule nyuma ni mdogo wako. Baba yenu nilimfanyia utani kaburini. Huyu sitaki."

Akajifunika tena. Nikamgeukia muuzaji nikamwambia fedha ataiona bwawani. Alinung'unika sana, lakini umati mzima ulikuwa upande wa maiti, na tela likaondoka hivyo hivyo Shija akiwa ndani, akiwapungia watu mkono njia nzima.

Bwawani boti ilielea vizuri, na muuzaji akatabasamu. Nikasema tuipakie kama siku ya kazi. Wakaingia vijana, yakaingia magunia ya mchanga, na kwenye kamba badala ya Bakari tukafunga gunia lililojaa udongo. Muuzaji hakuwa tena na maneno mengi. Tulipovuta mafuta, kamba ilikaza, na ule ubao wa nyuma panapofungwa injini ukalia, kisha ukapasuka. Injini ikalala upande. Maji yakaanza kupanda kwenye vifundo vya miguu yetu. Tulipofika ukingoni tukibanduabandua, tukaona kuwa chini ya rangi mpya mbao yote ilikuwa imeoza, unaichimba kwa ukucha.

Niliwaza injini ile ikichomoka, propela inazunguka, na Bakari nyuma yake amefungwa miguu. Sikumlaumu hata muuzaji. Nilikwenda nyuma ya tela nikalia peke yangu, kisha nikaosha uso, nikaapa kwamba boti tutapata, na itakuwa boti ya mtu aliye kwenye kamba.

Ilituchukua muda mrefu. Niliparamia mabasi, nikaingia nyua za watu, nikapiga magoti chini ya boti nikiwa na baibui langu huku wanaume wakiulizana huyu ana nini. Bakari alichoka, akaniambia, "Dada, mchagua jembe si mkulima." Nikamjibu kwamba jembe halimzamishi mtu. Mwishowe tukaipata, ya kijivu, mbaya kwa sura, mwenyewe ameigeuza banda la bata. Lakini niligonga sakafu yake yote kwa kifundo cha kidole, ikajibu kavu kila mahali, na nyuma pake palikuwa pagumu. Tukaosha kinyesi cha bata siku mbili. Injini tuliyoifunga haikuwa ya kutisha, ilikuwa ya kadiri, yenye nguvu ya kumwinua mtu mmoja na spea zake zinapatikana.

Hayo mengine tuliyatengeneza kwa akili. Fundi wa kuchomelea wa Korogwe alitusimamishia nguzo ya bomba la chuma katikati ya boti, kamba ifungwe juu, imwinue mtu badala ya kumzamisha. Wimbi lilipokuwa dogo, tulipanga madumu ya maji upande wa nyuma, boti ikakaa chini na wimbi likapanda. Madumu ya maji, mwanangu, si mchanga. Boti ikiingia maji, mchanga utakupeleka chini nao. Saiti mira, kile kioo cha kutazamia nyuma, tuliitoa kwenye lori bovu, na bado siku zote alikaa mtu wa pili ambaye kazi yake ni kutazama nyuma tu. Ile kamba fupi ya kuzima injini niliifunga mkononi mwangu, nikianguka mimi injini inyamaze.

Na asubuhi moja Bakari aliinuka juu ya maji. Mama alikuwa ukingoni, ameziba macho kwa kanga. Nikampigia kelele afungue. Akafungua.

Sasa nasaha yangu ni hii. Boti hiyo uliyoiona kwenye simu, ambayo mwenyewe anataka utangulize fedha, ni mbuzi kwenye gunia. Mwambie utaiona majini, imepakiwa, inavuta. Akikataa, mshukuru, amekujibu. Usilipie rangi wala mlio, lipia sakafu kavu na nyuma pagumu. Ukiwa na kidogo, punguza ukubwa wa injini, lakini jaketi za kuokolea, kamba nzuri na mtu wa kutazama nyuma usivipunguze hata siku moja. Uliza wenyeji kuhusu maji yenyewe, maana mito ya huku ina mamba na maji yaliyotuama yana kichocho. Na ukiwa dukani au uani kwa mtu, kabla hujatoa fedha, mkumbuke kwa jina yule utakayemfunga kwenye kamba. Hiyo boti si yako. Ni yake.

Nenda kaitafute wala usikate tamaa, penye nia pana njia. Mungu akupe macho ya kuona kilicho chini ya rangi, na akupe mtani wa kukuzuia utakapokuwa huoni. Na kila utakayemvuta, Mola amrudishe ukingoni akicheka, analalamika njaa.