Foleni ya mutu mumoja kwa robine ya avenue yetu

Leo nimepanga foleni peke yangu. Muniambie kama iko kawaida.

Tangu komine, serikali ya hapa kwetu, imupatie papa mumoja robine ya avenue yetu aichunge kama kazi yake, maji inatoka kila siku. Ule papa iko pale asubuhi mpaka jioni. Robine ikiharibika, anatengeneza palepale. Kweli, tumushukuru!

Lakini mbele, kabla ya ule papa, maji ilikuwa inachelewa. Tulikuwa tunapanga bidoni kwa mustari, tunakaa, tunapiga masolo, hadithi za hapa na pale. Wakati bwana yangu alikufa, ni pale bamama walinifariji.

Leo nimefika, nimeweka bidoni chini, nimekaa juu yake, nangoja.

Ule papa akacheka: «Maman, unangoja nani? Maji iko, chota!»

Nikachota. Nikafika nyumbani haraka. Kimya tu.

Basi nikamwanga maji yote kwa migomba, nikarudi kwa robine.

«Maman, tena? Kwenu muko wangapi?»

Nikamujibu: «Tuko wengi.»

Sasa bidoni imejaa, iko hapa kwa mulango, na mutu wa kuinywa ni miye tu.

Bamama wa foleni, mukuye munisaidie kuimaliza.