Rangi za Bahari ya Jirani

Jirani yetu alipanda meli ya matembezi majira haya majani yanapopukutika, na kila asubuhi alimtumia mama, asiyeweza tena kutoka kitandani, ujumbe wa sauti. Alianza na salamu ndefu, akataja alichokula, kisha rangi ya bahari: leo chai ya maziwa, kesho kaniki. Alilalamika kwamba akisali, meli huacha kibla kabla hajatoa salamu. Mama alisikiliza amefumba macho.

Juzi safari ilikwisha. Leo jirani ameingia, viatu mkononi, akaketi kitandani akimkanda mama miguu.

"Leo mmefika wapi, shoga?" mama akauliza, macho kayafumba.

Mikono ya jirani ikasita. Akatazama mvua juu ya mapaa ya Birmingham.

"Bado tuko njiani," akasema. "Bahari leo rangi ya jivu, imetulia."

Akaendelea kukanda.