Geji ya Jepleting

Jirani yangu Jepleting ni mbishi, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Mumewe Weldon alipofia ndani ya ile pikapu ya kijivu, ukoo mzima ulimwambia aiuze, hata kwa watu wa vyuma vikuukuu. Akajibu kwamba gari halina kosa, lenye kosa ni joto. Siku ile Weldon alikuwa akipanda kutoka Keringet kuja kwetu Olenguruone, amejaza mbolea. Mafuta ya gia boksi yalichemka hadi yakaungua bila yeye kujua, na kwenye ule mwinuko wenye miti ya misaipresi gari likakataa kwenda mbele. Breki nazo zikashindwa na mzigo. Lilirudi kinyumenyume hadi bondeni.

Basi Jepleting akaitengeneza pikapu, na tumbo likiwa limeanza kuonekana akajifunza kuiendesha. Kisha akasema anataka geji ya joto la gia boksi kwenye dashibodi, ili lile joto lisimjie tena kwa kujificha. Nilimsindikiza Nakuru kwa fundi wa waya anayeitwa Ngigi. Nilitaka kuuona upumbavu huo kwa macho yangu.

Ngigi alitoboa dashibodi kando ya redio, akapitisha waya hadi chini ya gari, akafunga sensa kwenye paipu inayotoa mafuta kwenye gia boksi. Kisha akabandika kile kisaa cha duara chenye mshale.

"Madam, hii mshale ikikaribia hapa kwa red, wewe park. Hata kama umebeba bibi arusi."

"Na ikipanda bila sababu?" Jepleting akauliza.

"Haiwezi. Hii ni mashine, si mama mkwe."

Alicheka peke yake.

Kila asubuhi tulikuwa tukishuka na maziwa ya wateja wetu wa Kiamunyi, kule Nakuru, mitungi yake na yangu pamoja. Ukungu wa Mau haumwonei mtu huruma, na pale kwenye misaipresi huwa mzito zaidi. Sasa sikilizeni. Gari linaposhuka, gia boksi haina kazi kubwa, haina sababu ya kupata joto. Lakini tulipofika pale, mshale ulianza kupanda. Ulipanda taratibu, kama mtu anayeinua kichwa kutazama nani amekuja.

Tukasimama. Nililala chini kwenye matope nikaigusa ile gia boksi kwa kiganja changu. Ilikuwa baridi. Nilipoinuka mshale ulikuwa bado juu, na Jepleting alikuwa anautazama huku akitabasamu. Mimi niliogopa, halafu nikakasirika kwa sababu yeye hakuogopa.

"Chelagat, ananisalimia tu," akasema.

"Nani?"

"Wewe unajua."

Mimi ni mtu wa kanisa, tena wa kwaya. Nilikemea kwa jina la Yesu hadi tukafika Njoro. Mshale uliteremka ulipotaka wenyewe.

Baada ya hapo Jepleting akawa anazungumza nao. Alimwambia Weldon kwamba ng'ombe mwekundu amezaa, kwamba mtoto anapiga mateke, kwamba Chelagat bado anaimba vibaya. Mshale ulikuwa ukipanda kidogo, ukishuka, ukipanda. Nikamlazimisha turudi kwa Ngigi. Alichomoa sensa, akaitia kwenye maji ya moto, mshale ukapanda. Akaitia kwenye maji baridi, ukashuka.

"Geji iko sawa kabisa. Labda waya inaguza mahali." Akaukata ule waya, akaishika ncha yake mkononi. "Sasa haiwezi soma kitu."

"Weldon hakupenda watu wachokore gari lake," Jepleting akasema polepole.

Mshale ukapanda. Waya ulikuwa mkononi mwa Ngigi, haujafungwa popote. Aliurudisha waya mahali pake haraka, akasema, "Madam, nyinyi endeni tu."

Mtoto alizaliwa wa kiume. Kwetu mtoto akija, akina mama wazee humwita kwa majina ya wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na jina litakalomfanya apige chafya, huyo ndiye aliyerudi. Hiyo ndiyo kurenet, na hata sisi wa makanisa hatujaiacha, tunaomba kwanza ndipo tunaita. Kogo, mama yake Weldon, alikuja na tumbaku ya kunusa ameificha kwenye leso, maana wafu wengine ni wavivu, wanahitaji kusaidiwa.

Waliita babu. Wakaita kaka zake babu. Waliita hadi wakafika kwa watu ambao hakuna aliyekumbuka sura zao. Tumbaku ikapitishwa puani, wazee wote wakapiga chafya, mtoto hakupiga. Weldon hakuitwa. Aliyekufa vibaya njiani haitwi, asije akarudi pamoja na ajali yake.

Na mtoto alikuwa baridi. Tulimfunika blanketi juu ya blanketi karibu na jiko, lakini miguu yake ilikuwa kama mawe ya mtoni. Kwenye zahanati walisema joto lake liko chini, tumweke kifuani kwa mama na tumnyonyeshe. Jepleting alimweka kifuani usiku na mchana. Alinyonya kidogo, akachoka, akalala. Kila siku alizidi kuwa mwepesi.

Mwishowe Kogo alivunja mwiko. Alimwita mwanawe mwenyewe, sauti ikimkatika: "Weldon, ni wewe? Njoo, baba." Hakuna chafya. Ndipo nikashindwa kunyamaza. Nikamweleza Kogo habari za mshale, mwanzo hadi mwisho.

Kogo alitazama dirishani, pikapu ilipoegeshwa, kisha akamgeukia mkaza mwanawe.

"Umemshika wewe," akasema. "Hawezi kuwa mahali pawili."

"Sijamshika."

"Mwachilie, mwanangu."

"Mtoto nitamtafutia blanketi lingine," Jepleting akasema. "Yeye nikimwachilia, nitampata wapi tena?"

Nilimchukia kwa neno lile. Nilimhurumia pia, lakini chuki ilitangulia.

Asubuhi iliyofuata midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Tayari nilikuwa nimetafuta shuka la kumbebea hospitalini. Jepleting alimkabidhi Kogo mtoto, akatoka, akafungua mlango wa pikapu. Nilimfuata kumpelekea ufunguo, nikidhani anataka kuwasha gari. Ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwangu. Gari lilikuwa limezimwa tangu jana yake, na mshale ulikuwa juu kabisa, kwenye nyekundu.

Alikaa akautazama. Aliweka kiganja juu ya kioo cha geji kama anayepima homa.

"Weldon," akasema. "Shuka. Mtoto wako anakufa na baridi, na wewe umekaa na joto lote hapa kwangu. Shuka, nenda kwake. Mimi nitazoea."

Mshale ulitetemeka. Halafu ukaanza kuteremka, ukapita alama ya chini kabisa, ukalala pale ambapo sijawahi kuuona ukilala. Kutoka ndani ya nyumba nikasikia chafya, ndogo sana, kisha sauti ya Kogo akipiga vigelegele na kulia kwa pamoja.

Jepleting hakukimbilia ndani. Aliinamisha kichwa kwenye usukani, akalia hadi shati likalowa. Kwenye mazishi hakulia. Watu humhesabu mjane tangu ajali. Mimi humhesabu tangu asubuhi ile.

Mtoto alipata joto, akanona. Ngigi alisema geji imekufa, akataka kuweka nyingine, Jepleting akamkatalia.

Juzi tulienda Rongai kununua mahindi. Jua lilikuwa kali, barabara imenyooka, hakuna kilima wala ukungu. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu. Ghafla nikahisi joto likipenya shuka, kali kama sufuria iliyotoka jikoni, na paji lake likawa haligusiki.

"Jepleting, mtoto."

Alimtazama mtoto kama anayetazama mshale uliofika kwenye nyekundu. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akatoka barabarani, akazima injini. Tulikaa, madirisha yamefungwa. Mbele hapakuwa na gari, nyuma hapakuwa na mtu, hata mbuzi. Tulingoja mpaka alipopoa na kuanza kutafuta titi. Jepleting alimnyonyesha, akanirudishia, akawasha gari, tukaendelea na safari. Hadi leo sijui ni kitu gani tulikiacha kipite.