Mita Nne Ndani ya Ufuta wa Bi Somoe

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, na kila nikiikumbuka viganja vinaniloa jasho, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Jana nilikuona unajiandaa na mtihani wako. Unaandika jibu, unapiga mstari chini yake, unakimbilia swali jingine bila kugeuka nyuma. Nilijiona mwenyewe.

Nilikuwa kidato cha pili, hapa hapa Kitomanga, kiranja wa darasa, na hesabu nilikuwa naziweza. Ubaya ni kwamba nilijua kuwa naziweza. Siku hiyo mwalimu alikuwa na safari ya Lindi mjini, akatuachia maagizo ubaoni. Tusafishe kiwanja cha kitalu cha miche ya mikorosho, eneo lake mita za mraba sitini, urefu uzidi upana kwa mita saba. Upana tuutafute wenyewe.

Upana nikauita x, urefu ukawa x + 7. Nikapanga, nikahamisha, nikapata x² + 7x − 60 = 0. Hapo unatafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata hasi sitini, ukizijumlisha unapata saba. Nilizipata kabla wenzangu hawajafungua madaftari: kumi na mbili, na hasi tano. Nikaandika (x + 12)(x − 5) = 0. Halafu, kwa haraka ya kutaka sifa, nikaichukua ile kumi na mbili nikasema ndiyo upana. Bano la kwanza likiwa sifuri, x ni hasi kumi na mbili, na hakuna shamba lenye upana hasi. Jibu lilikuwa tano, limekaa kwenye bano la pili. Rafiki yangu Hadija aliniambia nirudishe namba kwenye swali kwanza, nione kama inakubali. Nikamjibu kwamba tutachelewa.

Tukatoka na kamba na mapanga. Upana kumi na mbili, urefu kumi na tisa. Kamba ikafika kwenye mibono ya mpakani bado tunadai mita nne, na ng'ambo yake ni ufuta wa Bi Somoe, mjane jirani wa shule, umekomaa, unangoja kukatwa. Mtu mwenye akili angerudi ubaoni. Mimi nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba Bi Somoe amesogeza mpaka na kula ardhi ya shule. Tukang'oa mibono, tukaingia.

Wewe umekulia kwenye ufuta, unajua. Ukikomaa hivyo unakatwa taratibu, unafungwa matita, unasimamishwa ukauke juu ya turubai, maana ukiutikisa maganda yanafunguka na mbegu zinamwagika. Sisi tuliufyeka kama majani. Nilizisikia mbegu zikidondoka mchangani, niliogopa, na sikuwaambia wenzangu waache.

Bi Somoe alikuja na turubai lake kichwani. Alikuwa amepanga kuanza kukata siku ile ile. Nikasema shikamoo, naye akaitikia marahaba, jambo linalonichoma mpaka leo. Akauliza nani ametupa ruhusa. Nikamweleza upana, urefu na zile mita za mraba sitini. Shule yake yeye ilikuwa kisomo cha watu wazima tu. Akatua turubai chini.

"Kumi na mbili mara kumi na tisa ni ngapi, mwanangu?"

Nikachuchumaa, nikazidisha kwa kijiti mchangani, katikati ya zile mbegu. Mia mbili ishirini na nane.

"Na mwalimu wenu kasema sitini," akasema. Maneno yangu kuhusu mpaka alikuwa ameyasikia tangu njiani. "Mimi umeniita mwizi kabla hujazidisha."

Siku nzima nilipepeta mchanga kwa ungo, na nilichookota hakikujaa kibaba. Kwa wiki nyingi nikisikia hodi nyumbani nilidhani ni yeye amekuja kwa baba. Hakuja. Mvua zilipoanza, ufuta ukaota wenyewe pale, umesongamana, mita nne kamili, kila apitaye kwenda shule anaona kamba yangu ilipoishia. Nilipita hapo kila siku nimeinamisha kichwa.

Kwa hiyo, mwanangu, kesho ukipata jibu usilipigie mstari. Lichukue ulirudishe kwenye swali. Tano mara kumi na mbili ni sitini. Kazi ya nusu dakika, nami niliikataa. Na jibu lako likigombana na mtu unayemjua, anza kulishuku jibu. Mwenyezi Mungu akutulize mkono na moyo wako huko uendako, na akuepushe na kusikia jasho la mwenzio likimwagika mchangani kwa ajili ya haraka yako. Amina.