Dari la Chumba cha Mzazi

Nyumba yangu ya Madungu sikuirithi. Nalisema hili mapema, maana watu wakimwona mtu ana nyumba nzuri Chake Chake hudhani kaachiwa na babake. Baba yangu aliniachia msumeno uliong'oka meno na kishamba cha mawe kule Micheweni, ambako hata muhogo unaota kwa kubembelezwa. Skuli niliiacha sijaweza kuandika barua ya maana. Nikaanza kutengeneza milango ya watu, kisha madirisha, kisha vitanda. Leo ukiingia nyumba ya mtu mwenye uwezo, kutoka Chake mpaka Wete, ukaona mlango unafunga bila ya kulia, uliza kaufanya nani. Utatajiwa mie.

Nyumba yenyewe ilijengwa baada ya Mapinduzi, kwa ajili ya wakubwa wa serikali. Niliinunua kwa mstaafu aliyekuwa akihamia Unguja kwa watoto wake. Nilipoingia mara ya kwanza sikutazama vyumba, nilitazama juu. Dari lilikuwa la bodi za kijivu, nyembamba lakini ngumu, hazina hata alama ya mchwa. Mchwa wale wale walikuwa wamekwisha kuyala maboriti ya jirani. Ukiziwekea moto haziungui. Nikawa kila mgeni akija nachukua ufagio, nazigonga kwa mpini. "Sikia," namwambia. "Hiyo kazi ya zamani." Na mgeni anatikisa kichwa kwa kunihusudu.

Mvua za masika zilipopenya kwenye bati, dari la chumba cha nyuma likapasuka pembeni. Ikawa kila asubuhi kitanda kina unga mweupe juu ya shuka. Mke wangu akiukung'uta na kuufagia, na kesho yake upo tena.

Sasa chumba kile ndicho tulichokuwa tumekiweka tayari kwa binti yetu mkubwa, mwalimu wa skuli, aliyeolewa Jadida kule Wete. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwetu sisi mwanamke wa mimba ya kwanza hurudi kwa mamake, akajifungua, akakaa ndani arubaini nzima yeye na mtoto, akandwe maji moto, alishwe, asitoke. Kwa hiyo nikasema, dari lile nalivunja lote, namtilia la mbao. Nikamwita shemegi yangu, kaka wa mke wangu, aje Jumapili na vijana wake na nyundo. Mke wangu akaahidi wali na mikate ya kumimina.

Jumamosi binti akapiga simu.

"Shikamoo baba. Mama kanambia kesho mnavunja dari."

"Marahaba. Naam, nakutilia jipya ulale kama malkia."

"Msilivunje, baba. Huenda ikawa ni asbesto."

"Asbesto ndo mdudu gani?"

Akanieleza. Ni jiwe lenye nyuzinyuzi, zamani likisagwa na kuchanganywa na saruji. Bodi ikikaa kimya haina neno kubwa. Ikivunjwa, ikikatwa, ikisuguliwa, vumbi lake linaingia kifuani na halitoki, na maradhi yake huja miaka mingi baadaye, wakati mtu keshasahau. Skuli yao ilikuwa na paa la namna hiyo, wakaja watu kuwaeleza.

"Huenda yetu siyo," nikasema.

"Huenda. Lakini mkilivunja, mie siji. N'tajifungulia huku huku kwa mama mkwe."

Mke wangu alikuwa kando yangu, simu iko wazi. Aliposikia "mama mkwe" akakaa chini pale pale kwenye jamvi. Asiyekuwa wa kwetu hawezi kulijua jambo hili uzito wake. Binti wa kwanza azalie ukweni, na mamake yu hai, ana macho na mikono? Wale wa Jadida ni watu wazuri, sina la kuwasema, lakini mama mkwe yule angelisimulia mpaka siku ya kiyama.

Jumapili asubuhi shemegi akatokea na nyundo begani, na vijana nyuma yake. Nikasimama mlangoni.

"Kazi hakuna, yakhe. Kuleni mikate mwende zenu."

"Hakuna vipi?"

"Dari lina vumbi baya."

Akacheka mpaka nyundo ikaanguka. "Enyi! Fundi wa Pemba nzima kaogopa vumbi! Weye si ndo uliyekuwa ukilala juu ya maranda ya mbao? Leo umekuwa bi harusi?"

"Vumbi siliogopi. Naogopa mjukuu wangu akazaliwa Jadida."

Mjukuu huyo ni wake pia. Akaokota nyundo yake, wakala mikate, wakaondoka wakinicheka njia nzima. Nikawaacha wacheke.

Jumatatu nikaenda kwa bwana wa mazingira wa serikali, kijana mwenye miwani, tena mwenye adabu. Akaja, akaangalia kwa tochi, hakugusa.

"Mzee, kwa macho siwezi kukwambia. Mpaka kipande kipelekwe kikapimwe, na majibu yatachukua muda. Mpaka hapo lichukulie kuwa ndiyo."

Sikulipenda jibu lile. Mie mtu wa ndiyo au siyo; mlango umefunga au haukufunga. Lakini nikatazama lile dari, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaliona kama mbwa aliyelala. Hujui kama ana kichaa, na huna sababu ya kumkanyaga ukajua.

"Nikilifunika?" nikamuuliza. "Nikipitisha mbao zangu kutoka ukuta huu mpaka ule, chini yake, nikapigilia dari jipya, lile la zamani nisiliguse hata kwa msumari?"

Akanitazama vizuri sasa. "Unaweza, bila ya kuligusa?"

"Mwanangu," nikamwambia, "usiniulize kama naweza. Niulize lini."

Kwanza akaleta mtu wake aliyefundishwa, kavaa nguo nyeupe mwili mzima na kinyago cha kuzuia vumbi. Majirani walipomwona anaingia wakaja kuuliza nani kafariki. Akarowanisha ule ufa, akaupaka rangi ya kuuziba, akafuta kitanda na sakafu kwa vitambaa vibichi, vyote vikatiwa kwenye mifuko. Ufagio wetu nao ukaenda.

Wakati wanatoka kwa mlango wa uwani, bwana wa mazingira akasita. Mke wangu alikuwa jikoni, sufuria iko juu ya seredani, unga wa mchele na tui unaumuka ndani, na juu yake anapalia makaa. Kifuniko chenyewe kilikuwa kipande cha bodi ya kijivu.

"Bi," akasema polepole, "hicho umekipata wapi?"

"Cha humu humu. Bwana alipokata matundu ya feni vyumba vyote, hicho kilibaki. Hakiungui, hakipindi. Bati linapinda."

"Na vipande vyengine?"

Mke wangu akanitazama mie. Nikaona hapana njia. "Nimewapa majirani," nikasema. "Zawadi." Nusu ya mtaa ilikuwa ikipika mikate ya kumimina kwa dari langu.

"Kife hicho kifuniko, kisitumike tena," akasema yule kijana, kwa upole tu.

"Kife?" Mke wangu akashika kiuno. "Miaka yote nakipalia, mbona sijafa mie? Mkate wangu unajulikana mpaka Mkoani! Ondoeni dari, funikeni dari, fanyeni mtakalo. Jiko langu niachieni."

Nikajaribu. Nikasema kwa ukali, nikasema kwa mzaha, nikaahidi kifuniko cha chuma. Hakuna. Mke wangu ni mtu mmoja ambaye sijapata kumshinda, na nimewashinda wengi.

Nikaliacha, nikaenda kufanya kazi yangu. Na ile ilikuwa kazi, wallahi. Nilitumia mvule mkavu, boriti kila moja nimeipima mara mbili, ncha zimekaa ndani ya ukuta tu. Kila nilipopanda ngazi nilikuwa nakunja shingo ili nywele zisifike kwenye dari la zamani. Nikapigilia mbao nyembamba chini ya boriti, nikazipiga msasa zikawa kama ngozi ya mtoto. Pembeni, palipo na kipande kinachofunguka cha kuchungulia juu, nikaandika kwa rangi nyeusi, herufi kubwa, kwa mkono wangu: JUU KUNA DARI JENGINE. USIVUNJE. Atakayeinunua nyumba hii nikishakufa atajua.

Kisha binti akapiga simu tena, anataka kujua kama aje. Nikamsifia dari, nikamsimulia na vita vya jikoni, mpaka akanikatiza.

"Na kifuniko cha mama?"

Nikampa simu mamake. Akamsikiliza mpaka mwisho. Akarudisha simu, akaenda jikoni. Kwa dirisha nikamwona anaimwagia maji ile bodi, anaisokomeza kwenye mfuko wa plastiki, na ule mfuko ndani ya mfuko mwengine, kama alivyomwona yule mtu mweupe akifanya. Akajifunga kanga, akapita nyumba moja moja za jirani akivikusanya vile vipande apewe bwana wa mazingira, na kila mlango nikisikia kelele, na yeye anajibu jambo moja: "Mwanangu anakuja."

Binti akaja na gari la mkwe, tumbo mbele. Hakukaa. Akapita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, akainua uso, akatazama kwa muda. Halafu akenda jikoni. Mkate ulikuwa jikoni, umepaliwa kwa kifuniko cha bati, na bati limeshapinda upande.

"Haya," akamwambia mumewe, "teremsha mizigo."

Mtoto amezaliwa kwetu. Arubaini yote alilala chali akiangalia mbao zangu, na akicheka peke yake. Mkate wa mke wangu mpaka leo unaungua upande mmoja. Mie naula upande huo.