Chati ya DNA ya Bombambili

Soko huria lilipofika Songea, kila aliyeshindwa kazi aligeuka mfanyabiashara. Jamaa mmoja aliyeshindwa biashara ya tumbaku Namtumbo alipanga chumba mtaa wa Bombambili, akatundika kibao cha tuisheni na kuanza kujiita mwalimu wa baiolojia. Kaka yangu, aliyekuwa anarudia mtihani wa kidato cha sita ili akasomee udaktari, alimwamini kuliko padri.

Fahari ya pale ilikuwa chati. Aliichora fundi wa mabango, yuleyule aliyechora ng'ombe kwenye mabucha ya mjini. DNA aliichora kama ngazi iliyosokotwa, vizuri tu. Nafasi ikamwishia, RNA akaibana pembeni, nusu ngazi iliyochomoza kwenye DNA kana kwamba imemeguka. Mwalimu, asiyejua lolote, akasoma picha: DNA ikizeeka, uzi mmoja hukatika, na huo ndio RNA. Wanafunzi wakanakili. Na makofi wakapiga!

Mimi nilikuwa kidato cha sita mwaka huohuo, shule ya serikali. Siku moja tukipukuchua mahindi jikoni, nilimweleza kaka.

"Kaka, RNA haimeguki kwenye DNA. Inanakiliwa. Mwalimu wa kwaya si anafungia kitabu kabatini, halafu anawanakilia wimbo mmoja kwenye karatasi? Kitabu ndiyo DNA: nyuzi mbili, inakaa ndani ya kiini cha seli, inatunza maagizo yote. Karatasi ndiyo RNA: uzi mmoja, inatoka nje kupeleka agizo la kutengeneza protini. Hata sukari zake ni tofauti. Na kwenye DNA penye herufi T, kwenye RNA pana U."

"Mdogo wangu, shuleni kwenu mna chati ya rangi?"

"Hatuna."

"Basi."

Nilitamani kumrushia gunzi.

Mtihani ukauliza tofauti hizohizo. Kaka akajaza karatasi kwa habari za uzi uliozeeka. Matokeo yalipotoka mimi nilifaulu, yeye baiolojia ikamwangusha, na udaktari ukaota mbawa. Yule tapeli akatangaza kwamba watunga mtihani wamepitwa na wakati. Kaka akamuunga mkono, waziwazi, bila aibu.

Siku yangu ya kwenda chuo, alinibebea sanduku hadi stendi. Basi lilipoanza kuondoka alinipungia mkono, akatazama saa, akavuka barabara haraka kuelekea Bombambili. Alikuwa anawahi tuisheni. Nililia hadi Njombe.