Plasta Iliyoogeshwa Dawa

Harufu ya dawa ile sijaisahau, wala sitaki kuisahau, maana nikiisahau nitaanza kuwaonea huruma wale wazee wa klabu. Mizizi iliyovunda, damu ya mbuzi na maji ya bahari yaliyolala ndani ya pipa. Hata sasa nikipita pale Temeke ilipokuwa nyumba yao ya kambi, natema mate.

Mume wangu alikuwa kuli bandarini, upande wa Kurasini, na jioni akicheza mpira. Siku moja mazoezini alipigwa teke ubavuni mwa goti, akaanguka, na mguu ukawa unayumba kama mlango uliong'oka bawaba. Hospitalini daktari wa Kizungu alimpasua, akaushona ukano uliokatika, kisha akamfunga plasta ngumu ya chokaa kutoka pajani mpaka kifundoni. Dresa, yule msaidizi wa kufunga vidonda aliyetufasiria, kijana wa bara, alikaa nami akanieleza taratibu.

"Dada, ukano huu ndio unaoshikilia mifupa. Ukilegea kabla haujaunga, mifupa itasagana. Unaijua ile gegedu nyeupe, laini, ya kwenye goti la mbuzi? Hata sisi tunayo. Italika, na ikishalika hairudi. Plasta isilowe, na asikanyage."

Nikayashika maneno yale. Nilimwogesha mume wangu kwa kitambaa, mguu nimeuegemeza juu ya kinu. Mvua ikinyesha, nahamisha kitanda, maana makuti yetu yalikuwa yanavuja.

Ijumaa moja, baada ya swala, akaja mwenyekiti wa klabu yake ya mpira na wenziwe. Kesho yake walikuwa wanacheza na watani wao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kumchukua mwenzetu. Hachezi, atakaa tu kando, wenziwe wapate moyo."

"Mzee, daktari kasema asikanyage."

"Kwani nani kasema atakanyaga? Tutambeba."

Na kweli walimbeba, hilo siwanyimi.

Lakini kambi yao ilikuwa na mwiko. Kila aingiaye lazima aogeshwe dawa mwili mzima, tangu golikipa mpaka mpika chai. Pakibaki mahali pakavu, mganga wa watani atapitia hapo hapo. Sasa mume wangu alikuwa na mguu mzima mkavu. Wakautia kwenye pipa, na plasta yake.

Aliyenisimulia ni yeye mwenyewe, tena bila haya. Plasta ililainika ikawa uji. Wakaimalizia kwa kisu cha kuchinjia, wakamwambia atembee kidogo ili dawa iingie. Naye, mtu mzima mwenye akili zake, akatembea!

Walimrudisha Jumamosi jioni. Mabaki ya plasta yalikuwa yamegandia kwenye vinyweleo, mshono umefura, unatoa maji yenye harufu ile ile ya pipa. Nilitapika uani, kisha nikarudi nikamwosha. Hospitalini dresa aliushika mguu, akausukuma huku na huku, akanitazama. Ukano ulikuwa umelegea, na daktari hakutaka kushona tena ndani ya usaha.

Mechi yenyewe walifungwa. Basi wale wazee wakakaa kikao, wakaamua kuwa kosa lilikuwa la plasta: ilichelewesha dawa, adui akapita kwenye mguu wa mume wangu. Naye akawaamini. Mguu wake umeoza, na yeye analia kwamba amewaangusha wenziwe!

Miaka ikapita, na gegedu ikalika kama tulivyoambiwa. Kazi ya kubeba mizigo akaiacha. Chooni alichuchumaa kwa kuishika kamba, na kuswali akaswali amekaa. Akiinuka, goti linasaga kama mchanga kwenye wali, na mie huko jikoni meno yanafanya ganzi.

Sikukuu moja ya Idi yule mwenyekiti akaja kututembelea, mzee sana sasa. Nikamkaribisha kwa adabu, nikammiminia kahawa. Mume wangu akajikongoja ili ampe mkono; goti likasaga, sote watatu tukalisikia.

"Nisamehe, mzee," akasema mume wangu, "kwa siku ile."

Mzee akamshika bega, akatabasamu kwa upole. "Ah, mwanangu! Sie tulishakusamehe zamani."

Nikamnyang'anya kikombe kikiwa bado mdomoni.